Atakula Nini Aliyesoma Historia?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, familia nyingi za Mtoni, Mbagala, Keko na Tandika, hapa Temeke, Dar es Salaam, huingia kwenye hesabu ileile. Kijana amefaulu HKL au HGL, michepuo yenye historia ndani yake, dirisha la udahili wa vyuo vikuu limefunguliwa, na ndani ya wiki chache lazima aamue anaomba kozi gani. Akitaja sheria, watu wanafurahi. Akitaja uhasibu, wanaelewa. Akitaja historia, swali linamkuta kabla hajamaliza sentensi: sasa mwanangu, ukimaliza utakula nini? Swali hilo ni la haki, na anayelidharau hajui ada ya chuo inavyopatikana katika nyumba inayoishi kwa genge, kwa bodaboda au kwa kibarua cha bandarini. Ninachokataa ni jibu la haraka ambalo huandamana nalo, kwamba historia ni somo la waliokosa hesabu na kwamba mwisho wake ni ualimu au mtaani. Hoja yangu ni kwamba shahada ya historia, ikisomwa inavyotakiwa, ni mafunzo ya kupima ushahidi, na kazi za kupima ushahidi ni nyingi kuliko tunavyodhani. Tatizo letu ni kwamba tumeifungia shahada hiyo kwenye mlango mmoja, kisha tukaifundisha kwa namna inayoiua thamani yake.

Ili kuona ufundi wenyewe ulivyo, tuanze na barabara inayopita Mtoni. Barabara ya Kilwa imechukua jina la mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, na ambao magofu yake yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Nani aliuanzisha utawala wa Kilwa, na lini? Tunayo tarikhi ya Kilwa, yaani masimulizi yaliyoandikwa ya watawala wake, katika matoleo mawili: moja la Kiarabu, na jingine lililoingizwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Yote mawili yanamtaja Ali bin al-Hasan, aliyesimuliwa kuwa na asili ya Shirazi, lakini hayakubaliani katika mambo mengi, na ukijumlisha miaka ya watawala unafika karne ya 10. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa, akalinganisha sarafu, vyungu na tabaka za udongo, akasema hapana, mtawala huyo ni wa mwishoni mwa karne ya 12. Wengi wakakubali. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ikachimbuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000. Ndani yake zilikuwemo dinari za dhahabu za Wafatimi, ya karibuni kabisa ikiwa ya mwaka 1066, pamoja na sarafu za watawala wa huku pwani, jina la Ali bin al-Hasan likiwemo. Mjadala ukafunguka upya: kama hazina ilifukiwa muda si mrefu baada ya 1066, basi mtawala huyo hawezi kuwa wa mwishoni mwa karne ya 12, maana sarafu haiwezi kufukiwa kabla ya kutengenezwa kwake.

Katika habari hiyo hakuna mahali ambapo mtu alifaulu kwa kukariri. Kulikuwa na mashahidi wanaopingana: maandishi ya wenyeji, maandishi ya mgeni, udongo na fedha. Kila shahidi ilibidi aulizwe alijuaje, aliandika lini, kwa faida ya nani, na amenyamazia nini. Hitimisho lilishikiliwa kwa kiasi ushahidi ulivyoruhusu, na ushahidi mpya ulipokuja, likaachiwa. Mwanafunzi anayefanya zoezi la aina hiyo kwa miaka mitatu, juu ya mada baada ya mada, akiandika kila mara ripoti ambayo mwingine ataisoma na kuipinga, anatoka na uwezo ambao ofisi nyingi zinauhitaji. Mkaguzi wa hesabu anayekuta stakabadhi mbili zisizolingana anafanya kazi hiyo. Mpelelezi anaifanya, na ofisa wa bima anayesoma dai la ajali anaifanya pia, sawa na mwandishi wa habari aliyeletewa nyaraka na mtu mwenye ugomvi wake. Chukua mgogoro wa kiwanja, jambo ambalo Temeke inalijua vizuri. Kuna karatasi ya mauziano iliyokatwa kwenye daftari, kuna muhuri wa serikali ya mtaa, kuna mzee anayekumbuka mwembe uliokuwa mpakani, na kuna ramani ambayo haioneshi mwembe huo. Mwanasheria anajua kifungu kinachohusika. Lakini mtu wa kukaa na vipande hivyo vinne, akavipanga kwa mfuatano wa wakati na kusema kipi kinabeba uzito na kwa nini, ni mtu aliyefundishwa kama mwanahistoria, hata kama cheti chake kinasema jambo jingine.

Sisi Watanzania hatuna sababu ya kulichukulia hili kama nadharia ya kigeni, kwa sababu tuliwahi kulifanya hapahapa Dar es Salaam tena kwa namna iliyosikika duniani. Chuo Kikuu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria na wanafunzi 14. Kilipohamia Mlimani, Idara ya Historia ilifunguliwa mwaka 1964 chini ya Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia. Isaria Kimambo akaandika historia ya Wapare akitegemea masimulizi ya wazee, chanzo ambacho wasomi wengi wa Ulaya walikuwa hawajakiheshimu. Mwaka 1969 yeye na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania. Walter Rodney alifundisha Mlimani na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka mwaka 1972, kikichapishwa London na hapa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House.

Lakini jambo la maana zaidi kwa hoja yangu ni lile lililofanywa na wanafunzi. Mwaka 1968, chini ya Gilbert Gwassa na John Iliffe, wanafunzi wa historia walipelekwa kwenye maeneo yaliyopigana vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wakawahoji wazee waliokuwa bado hai. Kumbukumbu za Wajerumani zilikuwa zimeieleza vita hiyo kwa macho ya waliotawala. Wazee wa Umatumbi na Ungindo walieleza mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida na ujumbe wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ulivyotembea kutoka kijiji hadi kijiji. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliyepewa kazi hiyo alijifunza kupanga safari, kupata ruhusa ya viongozi wa kijiji, kumhoji mtu mzima kwa adabu bila kumwekea maneno mdomoni, kunukuu, kutafsiri kutoka lugha ya kikabila na kuandika ripoti. Leo mashirika ya utafiti, taasisi za afya na kampuni za masoko hutafuta watu wenye uwezo huohuo. Na elimu ile haikukaa kama sanamu. Wanahistoria wa baadaye, Thaddeus Sunseri na Jamie Monson wakiwemo, waliuliza kama umoja wa makabila uliosimuliwa katika miaka ya 1960 haukuchorwa kwa furaha ya uhuru kuliko ushahidi ulivyoruhusu. Kuruhusu swali kama hilo juu ya jambo tunalolipenda ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Watu wa Temeke wana mfano mwingine wa karibu. Julius Nyerere alipata shahada yake ya uzamili Edinburgh mwaka 1952, na aliporudi akafundisha historia katika Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu. Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuisemea Tanganyika. Hakuwa na jeshi wala fedha. Alichokuwa nacho ni hoja iliyotokana na jinsi nchi ilivyofika mikononi mwa Waingereza: ilikuwa koloni la Wajerumani, ikawekwa chini ya Shirika la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikawa nchi ya udhamini, yaani mtawala wake alikuwa amekabidhiwa kwa masharti. Anayejua mfuatano huo anajua pa kushika. Simaanishi kwamba kila mwalimu wa historia atakuwa rais. Namaanisha kwamba siasa ya uhuru wetu iliendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliojua kusoma nyaraka na kuziuliza maswali.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka kwa majirani zetu wa Kenya, na nitaukalia kwa sababu unaonesha historia ikibadilika kuwa fedha na heshima mikononi mwa watu wa kawaida. Mwaka 2009 wazee wachache wa Kikenya waliofungwa na kuteswa wakati wa vita vya Mau Mau walifungua kesi dhidi ya serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Kumbukumbu zao pekee zingeweza kuitwa hadithi za wazee. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha wapiganaji wa zamani walikusanya ushuhuda. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett wakatoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani. Anderson alikuwa amefuatilia katika nyaraka ishara kwamba masanduku ya majalada yaliondolewa Nairobi muda mfupi kabla ya uhuru wa Desemba 1963. Hesabu ilikuwa rahisi: majalada yaliorodheshwa kuwa yameondoka, lakini hayakuonekana katika Nyaraka za Taifa za Uingereza. Serikali ilipobanwa, mwaka 2011 ikakiri kwamba yalikuwa Hanslope Park, pamoja na maelfu ya majalada ya makoloni mengine 36. Ndani yake kulikuwa na maandishi ya maofisa wenyewe kuhusu mateso waliyoyajua. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na kugharimia mnara wa kumbukumbu jijini Nairobi.

Mtu akiuliza historia inalipa nini, wale 5,228 wana jibu. Lakini kuna jambo la kutusumbua katika habari hiyo. Wanahistoria watatu waliotoa ushahidi walitoka katika vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani. Kazi ya kitaalamu iliyoibeba kesi ya wazee hao wa Kikenya ilifanywa na watu wa mbali, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na muda, fedha na mazoea ya kukaa miaka kumi na nyaraka. Na kwetu kazi ya namna hiyo sasa imeshabisha hodi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, mahali ambapo mashujaa wa Maji Maji walinyongwa Februari 1906, akaomba msamaha. Mwaka huohuo taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, takriban 200 yakiwa yametoka Tanzania. Watafiti walianza na orodha, barua na lebo za zamani kutafuta kila fuvu lilitoka wapi. Ndipo vipimo vya vinasaba vikawapata jamaa walio hai katika eneo la Kilimanjaro. Hadi leo wajukuu wa Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi Machi 1900, wanalitafuta fuvu lake. Kazi iliyobaki ni kubwa: kusoma mwandiko wa mkono wa Wajerumani wa miaka ya 1890, kuulinganisha na masimulizi ya koo, kujadiliana na makumbusho, kuishauri serikali. Hiyo ni ajira ya kitaalamu ya miaka mingi, na kama hatukuwaandaa watu wetu, tutaletewa wataalamu pamoja na mafuvu.

Hapa mzazi wa Mtoni ananikatisha, na ana haki. Ananiambia: hayo ya London na Berlin ni mazuri, lakini mtaani kwetu wapo wahitimu wa historia wanaouza laini za simu. Ni kweli. Wahitimu wengi wa historia nchini wamesoma pamoja na ualimu, na kwa miaka mingi serikali imesema wazi kwamba upungufu wake uko kwenye walimu wa sayansi na hisabati, huku wa sanaa wakizidi nafasi. Mwaka 2017 baadhi ya walimu wa sanaa wa sekondari walihamishiwa shule za msingi. Mwanzoni mwa 2025 walimu waliokaa miaka bila ajira walijitokeza hadharani wakiwa na umoja wao, NETO. Bodi ya Mikopo nayo imekuwa ikizipa kipaumbele fani za tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi, kwa hiyo kijana wa historia anaweza kupata asilimia ndogo au akakosa kabisa, na akipata, atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Sitaki kuyafunika mambo hayo kwa maneno matamu. Anayemshauri kijana maskini asome historia bila kumweleza hayo anamdhulumu.

Ila tuangalie ni kitu gani hasa kimeshindwa. Kilichojaa ni nafasi ya aina moja, ualimu wa sekondari wa serikali, ambayo maelfu ya watu waliofundishwa kwa namna moja waliandaliwa kuigombea. Na wengi wao, nasema kwa masikitiko, walifundishwa historia bila kuifanya. Kuanzia kidato cha kwanza somo limekuwa ni notsi ubaoni, sababu sita za hiki, athari saba za kile. Mwanafunzi anafika chuoni na tabia hiyo, anapewa desa lililotumika miaka mitatu mfululizo, analimeza wiki ya mitihani na kulitapika siku ya mtihani. Anaweza kumaliza shahada bila kugusa hata jalada moja la zamani, bila kumhoji mzee hata mmoja. Mwajiri anayemwita kwenye usaili anakuta mtu anayejua kwamba Mkutano wa Berlin ulifanyika 1884 hadi 1885, basi. Mwajiri huyo hana kosa akimwacha. Kijana hakupewa ufundi. Alipewa majibu ya maswali ambayo hakuna ofisi inayoyauliza. Kwa hiyo ninapoitetea shahada ya historia, siitetei ile ya desa.

Anayeisoma kwa vitendo ana milango, na mingine iko Temeke kwenyewe. Kurasini kuna Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, na mwenye shahada ya historia anaweza kwenda pale kuongeza stashahada ya uzamili. Diplomasia bila historia haiendi. Mgogoro wetu na Malawi juu ya mpaka wa Ziwa Nyasa unarudi kwenye mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, na kwenye swali la jinsi mpaka huo ulivyochorwa na kutumika katika miaka iliyofuata. Upande wenye wasomaji hodari wa ramani na ripoti za zamani ndio unaokaa mezani ukiwa na nguvu. Mlango mwingine ni utunzaji wa kumbukumbu. Tangu Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, kila ofisi ya umma ina wajibu wa kutunza majalada yake kwa utaratibu, na kila halmashauri, hospitali na mahakama ina masjala. Mhitimu wa historia akiongeza mafunzo mafupi ya kumbukumbu na kompyuta, anaijua kazi hiyo kutoka pande mbili, ya anayepanga jalada na ya atakayelitafuta miaka hamsini baadaye. Yapo makumbusho, yapo magazeti na redio, zipo kampuni za uchapishaji, upo utalii wa Bagamoyo, Kilwa na Mji Mkongwe, ambako mgeni anayelipa vizuri anatambua haraka kama anayemwongoza anajua au anabuni. Hakuna hata mmoja kati ya milango hiyo unaochukua watu elfu kwa mkupuo, na hilo ni sawa, kwa sababu kosa letu la kwanza lilikuwa kutegemea mlango wa kuchukua watu elfu kwa mkupuo.

Wapo wanaosema nchi maskini iwekeze kwenye sayansi na ufundi, historia ingoje tutakapotajirika. Sina ugomvi na sayansi. Tanzania inahitaji wahandisi wengi zaidi. Ila tuukumbuke Mpango wa Karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 Kongwa, na kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wahandisi na mamilioni ya fedha. Walichokosa ni subira ya kuuliza eneo lile lilikuwa limeishije. Ugogo ilikuwa na kumbukumbu ndefu ya ukame, pamoja na njaa kubwa ya Mtunya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo kila mzee wa pale aliijua. Mvua haikuja kama ramani ilivyotaka, udongo uligeuka mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Mtu mmoja wa kukaa na wazee na ripoti za njaa za zamani kabla ya meli ya kwanza ya matrekta kutia nanga asingegharimu hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Mradi wowote mkubwa unaoingia leo kwenye eneo la watu unahitaji mtu wa namna hiyo mezani.

Wengine wananiambia kwamba siku hizi akili mnemba itakujibu swali lolote la historia kwa sekunde chache. Itakujibu kutokana na kile kilichokwisha kuandikwa na kuwekwa kwenye intaneti. Majalada yaliyoko Nyaraka za Taifa pale Upanga kwa sehemu kubwa hayapo huko, wala masimulizi ya wazee wa Mtongani. Na jinsi maandishi yanavyozidi kutengenezwa na mashine, pamoja na picha na sauti za uongo zinazosambaa kwenye makundi ya simu, ndivyo thamani ya mtu anayejua kuuliza chanzo chake ni kipi inavyopanda. Watetezi wa somo hili hupenda pia kumtaja Kenneth Chenault aliyeongoza American Express, au Susan Wojcicki aliyeongoza YouTube, wote wakiwa wamesoma historia chuoni. Ni kweli, lakini mimi siwatumii kama ushahidi, kwa sababu walisoma katika vyuo vya kitajiri vya Marekani ambavyo majina yake peke yake hufungua milango. Kijana wa Mtoni anahitaji sababu zinazosimama katika hali yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwake una masharti. Kabla ya kujaza fomu, auulize uongozi wa idara maswali ya wazi: kuna utafiti na tasnifu ya mwaka wa mwisho, au zimefutwa? Wanafunzi wanapelekwa Upanga kusoma majalada? Kuna mafunzo ya masimulizi ya mdomo? Asome historia pamoja na somo la pili lenye zana zake, kama jiografia na uchoraji ramani wa kompyuta, uchumi, au lugha kama Kijerumani, Kireno au Kiarabu, ambazo nyaraka zetu za zamani zimeandikwa kwazo na wasomaji wake ni wachache sana. Aandike kwa Kiswahili safi na Kiingereza safi, maana mwanahistoria asiyeandika vizuri hana cha kuuza. Na utafiti wake aufanye juu ya jambo la karibu ambalo hakuna aliyelimaliza. Abiria wa daladala husema kila siku wanashuka Mtoni kwa Aziz Ali; ni wangapi wanajua kwamba Aziz Ali alikuwa mkandarasi maarufu enzi za ukoloni, na kwamba mwanawe, Dossa Aziz, alikuwa miongoni mwa waliokuwepo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, siku iliyovipa jina viwanja vya Sabasaba vilivyo kwenye barabara hiyohiyo? Makuli wa bandari waligoma mwaka 1947 na mgomo wao ukaenea nje ya Dar es Salaam. Familia zao ziliishi wapi, zilikula nini wiki zile? Tasnifu nzuri juu ya swali kama hilo ni kitu cha kumwekea mwajiri mezani.

Serikali nayo ina lake. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Somo hilo linahitaji vitabu, vyanzo na mifano ya kila wilaya, na vingi havijaandikwa bado. Na wazee wa kuwahoji wanapungua: aliyekuwa na miaka 20 wakati wa uhuru mwaka 1961 sasa amevuka 80. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, kipo Chang'ombe, ndani ya Temeke, na kinafundisha walimu wa historia. Manispaa ya Temeke ina masjala yenye majalada ya viwanja, masoko na shule yanayosubiri kupangwa, na ina wazee katika kila kata. Halmashauri ikitenga kwenye bajeti yake fungu la kuwalipa wanafunzi kumi wa mwaka wa mwisho kwa miezi mitatu, wahoji, wanukuu, wapange majalada na kuandaa vitini vya shule za kata, itapata kazi inayoihitaji, na vijana hao watatoka na uzoefu wa kuandika kwenye wasifu wao wa kuombea kazi. Madiwani wanaweza kulijadili hilo katika kikao chao kijacho cha bajeti.